Mkwe Nyuma ya Pazia

Tuwan, Kitale
5 Juni 2006

Kwa shemeji yangu Kizito,

Ijumaa ya tarehe 12 Mei mwaka huu nilipoteza nafasi yangu katika nyumba ya wazee, nikiwa nimebakiza wiki sita tu nihitimu. Naanza na hilo ili usije ukadhani nakuandikia kuomba mbegu za tumbaku.

Sasa salamu, maana nilifunzwa adabu. Hujambo wewe na mama watoto? Watoto wanaendeleaje na shule? Nasikia huko Malakisi mvua imekubali na shamba lako la tumbaku limesimama vizuri. Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Dada yako Dinah anawasalimu. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila kitu, hata Jumapili aliuma kidole cha pasta. Habari za Mama, mama mkwe wangu, sikuulizi. Dinah alirudi kutoka kwako juzi, na hapo nitafika.

Shemeji, nilikotoka unakujua. Niliachia shule kidato cha pili, nikasukuma mkokoteni wa maji hapa Tuwan. Ile nyumba ya wazee ilikuwa mteja wangu. Siku moja Mama Agneta, muuguzi mstaafu anayeisimamia, aliniona nikimwinua mzee aliyeanguka mlangoni. Akaniuliza nani alinifundisha kuinua kwa miguu badala ya mgongo. Nikamjibu ni mitungi ya maji. Alicheka, kisha akaniambia kama nataka, niwe mwanagenzi wake miaka miwili: mwaka wa kwanza nifuate mikono yake, wa pili yeye aitazame yangu, na mwishoni anitambue kuwa mlezi kamili, mtu wa kulipwa mshahara.

Watu walinicheka. Vijana wa stendi waliniita yaya mwenye ndevu. Wewe mwenyewe, siku nilipoleta mahari, ulisema mbele ya wajomba zako kwamba Dinah ameshinda, hata akizaa hatahitaji msichana wa kazi, si bwana mwenyewe ni yaya bana! Nilicheka pamoja nanyi. Mwenye kuoa huvumilia.

Lakini Mama alipopooza upande mmoja mwaka jana, ni wewe uliyemleta Kitale. Siku hiyo hukucheka. Ulisema nyumbani hakuna anayejua kumgeuza. Nilimweleza Mama Agneta, ambaye si mtu wa kwetu, kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na chumba chenye kitanda cha mmoja mwingine haingii. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamkabidhi Mama kwa mwenzangu Jepchumba, msichana wa Kapsokwony anayejifunza kazi kama mimi.

Tukaishi hivyo, Jepchumba ndani na mimi nje ya pazia. Akikwama ananiuliza, nami najibu nikiwa nimelipa pazia mgongo. Mgeuze kila saa mbili. Weka mto katikati ya magoti. Uji uwe mzito, awe ameketi, kidevu kishuke, na kijiko cha pili kisiende kabla koo halijapanda na kushuka. Mama akitolewa kwa kiti cha magurudumu kuota jua, Jepchumba hupaza sauti, "Mkwe, jifiche, simba anapita!" nami najitupa kwenye stoo ya mashuka. Siku moja nilikaa humo mpaka chai yangu ikapoa. Nilidhani nimesahaulika. Kumbe Mama, ambaye maneno yalikuwa yameanza kumrudia, alikuwa akimwambia Jepchumba asinifungulie kwanza, na huku anacheka mpaka anafutwa machozi. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana, yeye na mimi.

Halafu ukaja mbele ya kamati ya nyumba ya wazee na wajomba zako wawili. Ulisema ulimkuta mkwe amejiingiza kwenye chumba cha mama yako, nguo za mama zikiwa chini, na kwamba heshima ya boma lenu imekwisha. Mwenyekiti, Bwana Wahome, aliniuliza kama niliingia. Nikasema niliingia. Akaniuliza kama kuna mtu aliyeniita. Nikakutazama. Wewe ukatazama viatu vyako.

Nilinyamaza. Mkwe hawezi kumpinga kaka ya mkewe mbele ya wajomba zake, na nilijua, nilikuwa na hakika, kwamba utasema mwenyewe. Hukusema. Kamati ikaamua niondoke hadi familia ifute malalamiko. Mama Agneta alinisindikiza mpaka getini, akaniambia mikono yangu anaijua, lakini nyumba ile inaishi kwa imani ya watu; nilete neno la familia leo, nirudi kazini kesho. Jioni hiyo ukambeba Mama ukampeleka nyumbani.

Sasa Dinah ameniambia alichokiona. Mama analala chali. Mkeo anajitahidi, simlaumu, ana shamba na watoto, anamgeuza asubuhi na jioni. Piga hesabu, shemeji. Asubuhi mpaka jioni ni saa kumi na mbili juu ya mfupa mmoja, wakati nyama ya mtu wa umri ule haitaki kuzidi mbili. Hesabu hiyo haihitaji kidato cha nne. Kidonda kiko chini ya kiuno na tayari ni kipana kama kiganja cha mtoto. Dinah alipoondoka, Mama alimuuliza kama mkwe wake bado anajificha stoo akimwogopa simba.

Nitaandika sasa lile ambalo hata Dinah sijamwambia.

Siku ile Jepchumba alikuwa ameenda mjini kuchukua dawa, na Mama Agneta alikuwa hospitali na mgonjwa mwingine. Wajomba waliketi nje kwenye kivuli. Wewe uliingia na viazi vitamu na chai kwenye thamosi. Nilikuambia nikiwa nje ya pazia kwamba Mama bado hali vitu vile, na wala halishwi akiwa amelala. Ulijibu kwamba mama yako si mtoto mchanga, ati uji asubuhi, uji jioni. Nikarudia. Ukaniambia mkwe akae upande wake wa pazia. Nikakaa.

Nikasikia kikohozi. Kisha sikusikia kikohozi, na sisi wa kazi hii tunaogopa zaidi kimya. Nikakuelekeza: mkalishe, mwinamishe mbele, mpige katikati ya mabega. Ulijaribu, Kizito, nilikusikia ukijaribu. Halafu ukapiga kelele, "Levi, ingia! Ingia, Mama anakufa!"

Niliingia kwa sababu uliniita. Nilimpiga mgongoni mpaka kiazi kikatoka. Alikuwa amejichafua, jambo la kawaida mtu akikosa pumzi. Nilikuomba umbadilishe wewe, mwanawe, lakini ulikuwa umeshatoka, uko kwenye tangi la maji unatapika. Singeweza kumwacha vile. Nikambadilisha, macho nikiyaelekeza dirishani kadiri mikono ilivyoweza kufanya kazi bila macho. Naye akageuza uso ukutani, kama inavyopasa, ila mkono wake mzima ukashika shati langu, haukuachia mpaka nilipomfunika. Wajomba wakanikuta na beseni. Ukaja nyuma yao ukijifuta mdomo, na neno lako la kwanza likawa, "Huyu ameingiaje humu?"

Naelewa uliogopa. Mtoto aliyemlisha mama yake kwa mapenzi, halafu karibu amuue, atasema lolote. Lakini woga wako unamlaza Mama chali, na mimi nimerudi kwenye mkokoteni.

Kamati inakaa Jumamosi hii, tarehe 10. Kitanda cha Mama hakijapewa mtu. Mama Agneta yuko tayari kutupokea sote wawili, Mama kwa Jepchumba na mimi nyuma ya pazia langu. Kinachokosekana ni neno lako. Njoo mwenyewe au mpigie Mama Agneta simu ya ofisini. Namba anayo Dinah. Nisipolisikia, Jumamosi nitasema yote mbele ya wajomba, mwiko au si mwiko, kisha waende wamuulize Mama. Siku hizi ana maneno ya kutosha kusema ndiyo.

Wasalimu watoto na mkeo. Mwambie mto uwe katikati ya magoti, na asimwache Mama chali hata usiku. Dinah atakuja Jumatano kumsaidia.

Sitaki maelezo, wala habari za tumbaku. Nataka jibu moja kabla ya Ijumaa saa kumi jioni: uliniita, au hukuniita?

Ni mimi shemeji yako,
Levi