Jina la Mama kwenye Makala ya Saratani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka Elisante ameniambia umepanda tena mwenyewe mpaka shamba la tangawizi, na daktari wa Same alishakukataza. Haya, sigombi. Mimi ni mzima wa mwili, ila kichwa kimevurugika, ndiyo maana naandika. Kwenye simu unanikatiza.

Nieleze tangu mwanzo. Ile makala ya saratani ya koo la chakula, tuliyoifanyia kazi huko Vudee, imenipa sifa kuliko zote nilizowahi kuandika. Huku Uholanzi mtafiti anapimwa hivi: kila mwenzake anapoandika na kuitaja kazi yake, inahesabiwa. Makala zangu nyingine zinatajwa kwa nadra, na kuna moja naamini tumeisoma mimi na mhariri tu. Hii ya kwetu inatajwa karibu kila wiki, mpaka China wanaitaja. Basi nikaomba kazi ya kudumu hapa chuoni nikijua itanibeba.

Jumatatu mkuu wa idara, profesa mmoja mpole anayeongea kama mtu aliye kanisani, akaniita. "Huyu Naelijwa, mwandishi wa tatu, yuko chuo gani?"

"Hayuko chuoni," nikasema. "Ni mama yangu. Analima."

Aliweka kalamu chini, akaniangalia kwa mshangao.

Mama, mimi sikuona ajabu. Kijiji kizima kikimaliza msaragambo wa kuchimba mfereji, si mwenyekiti anasoma majina yote, aliyechimba na aliyepika makande, na wote wanapata zamu ya maji? Majina ya makala niliyapanga vivyo hivyo. Ningeliachaje lako? Mimi niliishuku chai ya moto kuwa chanzo cha ugonjwa, nikaja na fomu yangu ya kuuliza, "Je, unakunywa chai ya moto sana?" na kila mtu akajibu hapana. Wewe ndiye uliyenivuta pembeni ukasema, "Hiyo fomu yako haina akili. Nani atakubali kwamba anajiunguza? Keti, wakumiminie, uone wanangoja muda gani kabla ya kunywa." Tukakaa majikoni mwa watu na saa na kipimajoto, wewe ukiwapigisha soga kwa lugha yetu ya Chasu, mimi nikiandika. Na hicho ndicho wenzangu wanachokitaja hasa, ile namna ya kutazama badala ya kuuliza.

Profesa anasema mwandishi ni yule anayeweza kuitetea kazi mbele ya wataalamu. Nikamwambia atafute mkalimani, utaitetea mpaka wachoke wao. Akatabasamu kidogo, akanipa karatasi ya kusema kwamba jina lako liliwekwa kimakosa. Nikiitia sahihi, jina linafutwa na makala inaingia kwenye maombi yangu. Nisipotia, makala inawekwa kando, na bila hiyo sina cha maana cha kuwaonyesha. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao.

Hapo ndipo nilipopotea. Kuna saa naona wana haki, maana wapo wakubwa wanaochomeka majina ya ndugu na marafiki ambao hawakugusa kazi, na sheria iliwekwa kwa ajili ya hao. Halafu namwangalia mwenzangu wa ofisini, mwandishi wa nne, ambaye Same hajawahi kuiona hata kwenye ramani. Alichora grafu mbili. Yeye hakuna aliyemuuliza kitu. Nakasirika, kisha naogopa, kisha najiuliza kama hasira yenyewe si kiburi tu.

Nawe nilipokupigia ukacheka, ukasema, "Litoe tu, mwanangu, nitalifanyia nini huko? Usikose kazi kwa ajili yangu." Ukahamia habari za mbuzi aliyezaa pacha.

Nisalimie Elisante na mkewe, na shangazi, mwambie kitenge alichonitumia nakivaa juu ya koti na watu wananishangaa barabarani. Msalimie mchungaji. Na mama mdogo umsalimie kwa namna ya pekee. Kila nikiisoma makala ile namkumbuka baba mdogo, alivyofika mahali pa kushindwa kumeza hata uji, na tukamzika kabla hatujamaliza kuandika.

Karatasi nimeirudisha leo asubuhi. Nimeandika kwamba jina la mama yangu halikuwekwa kimakosa, nikatia sahihi hapo chini. Profesa aliisoma mara mbili, akaniambia nisubiri majibu. Sijui kama nimefanya vema au nimejiharibia mwenyewe. Ukiniona mwezi ujao nashuka na masanduku yangu yote, nipokee tu. Nilitaka kukupa heshima, Mama, na njia niliyoiona ni kukukatalia neno lako, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu unizae. Nisamehe.

Mwanao,
Namkunda