Avril Tunnicliffe na Faini ya Keki

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, theluji ya mwisho ikiwa bado imeng'ang'ania kivulini mwa ukuta wa bustani. Tumekula, tumelala, hata kucheka tumecheka, na kila tulipocheka mmoja wetu aligeuka kutazama kiti chako. Leo tunaandika kukushukuru. Kulia tumelia vya kutosha, na wewe hukuwa mtu wa kupenda machozi yaliyopitiliza.

Kwa wasiokujua tuseme tu kwamba ulikuwa mpiga picha. Si wa harusi, si wa mbio za farasi. Ulikuwa mpiga picha wa vitabu, vile vya kale vilivyochapwa hapa Uingereza wakati uchapaji wenyewe ulikuwa bado jambo geni, na ambavyo vimelala katika maktaba ya kanisa kuu. Ulikilaza kitabu kwenye kiegemeo chake ili mgongo usivunjike, ukapiga picha, ukafungua ukurasa, ukapiga tena, miaka nenda miaka rudi. Lengo lilikuwa moja: mtu yeyote mwenye kompyuta akisome bila kukigusa, na siku kitabu chenyewe kitakapofika mwisho wake, maneno yake yasizikwe nacho.

Wageni walidhani mnavaa glavu nyeupe, kama wanavyoona kwenye sinema. Uliwacheka. Glavu haina hisia, ulisema, mkono uliooshwa ukakauka ndio unaojua karatasi inapotaka kuchanika. Kwa sababu hiyo hukupaka mafuta mikononi hata wakati wa baridi kali, na ngozi yako ilipasuka kama ya mwashi. Baba alikununulia kopo la mafuta kila Krismasi. Kila Krismasi ulimbusu, ukamshukuru, ukampa Mama Mdogo Maureen kopo lile kabla sahani hazijaoshwa.

Mama Mdogo naye hakukuacha hivi hivi. Jumapili moja mezani alikuuliza, "Dada, hivi ni kweli wanakulipa kwa kupiga picha karatasi isiyo na kitu?"

"Wananilipa," ulijibu huku ukikata nyama. "Na wewe wanakulipa kwa kukaa ofisini unakunywa chai. Kila mtu na bahati yake."

Kisha ulituambia sababu. Waliokutangulia katika kazi hiyo walikuwa wakiruka kurasa tupu ili kuokoa muda, na msomaji aliye mbali akabaki hajui kama ukurasa ule haukuandikwa kitu au kuna mtu aliuchana. "Yeye hana mkono wa kupapasia," ulisema. "Mkono wake ni mimi." Hatukuelewa sana siku ile, ila tuliona ulivyoweka kisu chini ili kulisema.

Tunakumbuka pia yule mwalimu mstaafu wa visiwa vya kaskazini, ambaye miguu yake haikuweza tena kumfikisha maktaba yoyote. Alikuandikia barua kukushukuru kwa kitabu kimoja cha mitishamba ambacho alikitafuta tangu ujana. Mtu mwingine angejibu "karibu tena" na yakaishia hapo. Wewe ulianza kumpelekea jamu ya zambarau, na kila alipokwama mahali ambapo wino ulififia, ulikwenda kwenye rafu, ukakifungua kitabu chenyewe, ukamsomea kwa simu. Alikupenda mno. Alipokufa ulivaa nguo nyeusi kazini, ingawa hamkupata kuonana.

Na huwezi kutajwa bila faini kutajwa. Wewe ndiye uliyeitunga. Mtu yeyote katika chumba cha picha ambaye kidole chake kingeingia kwenye picha alipaswa kuoka keki kwa ajili ya wenzake wote. Picha yenyewe hairuhusiwi kufutwa. Inapigwa nyingine safi, na ile iliyoharibika inawekwa kando, kwenye kompyuta, mahali ulipopaita Makapi. "Leo ni makapi," uliwaambia, "kesho huenda ndiyo peke yake iliyobaki." Wenzako wote waliwahi kulipa. Wewe ulijisifu kwamba hujalipa hata mara moja, na keki zao ulizila bila haya.

Jambo moja halikupita vizuri hapa nyumbani, na tutalisema kwa sababu tumelipatia jibu. Ni lile la wiki yako ya mwisho kazini, vuli ile, ugonjwa na dawa zake vilipokwisha kukumaliza nguvu. Alhamisi ulirudi uso umekuwa rangi ya majivu. Badala ya kupanda kitandani ulifunga aproni, ukatoa unga na tangawizi.

"Avril, hebu kaa," Baba alisema. "Kuna mtu atakufa akikosa keki?"

"Gordon, nipishe nipite. Dawa ya deni kulipa."

"Deni gani?"

Ulipasua mayai bakulini. Ulioka umeegemea meza, ukapumzika, ukaendelea, na Baba akatoka kwenda kusimama bustanini ili asikuone. Ijumaa ulikwenda na keki yako kazini. Hukurudi huko tena. Baada ya mazishi Baba alituambia kwamba nguvu zako za mwisho wale watu walizinywea chai. Hakukulaumu wewe. Lakini keki ile ilimkaa kooni mwaka mzima, na kila alipotajiwa maktaba alibadilisha mazungumzo.

Basi mwaka ulipokaribia kutimia tukataka kuweka Kumbukumbu gazetini, na gazeti likataka picha. Hapo ndipo ulipotutesa, Mama. Wewe uliyepiga picha vitabu vya watu waliokufa zamani za kale, mwenyewe ulikimbia kamera kama paka anavyokimbia maji. Ya ufukweni Whitby umetugeuzia mgongo. Ya harusi upepo umekufunika uso kwa shela. Ilibaki ya leseni ya udereva.

Mama Mdogo aliitazama kwa muda. "Hapa anaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani," akasema.

Baba hakucheka. "Huyo simjui. Nimeishi na Avril, sijaishi na huyo."

"Baba, gazeti linataka picha Jumatano," binti yako Judith akasema. "Tuweke ya harusi, yaishe."

"Niweke shela gazetini? Watu wamkumbuke shela?"

"Basi shemeji, nenda pale kwao kazini," Mama Mdogo akasema. "Watu wenye kamera zote zile watakosaje picha ya mwenzao?"

Baba aliinuka akaanza kukusanya vikombe. Tulijua kwa nini. Kesho yake alivaa koti lake zuri akaenda, na haya yanayofuata ndiyo aliyotusimulia jioni, akiwa bado hajalivua koti.

Bwana Ibbotson, mkuu wa chumba cha picha, alimpokea vizuri, akamweka kwenye kiti chako. Alitafuta kwenye picha za sherehe, za wageni, za ufunguzi wa hiki na kile. Hukuwepo. "Mzee Gordon, mkeo alikuwa wa kwanza kusema 'nipeni mimi niwapige,'" alisema. "Sisi wajinga tukampa kamera kila mara." Kisha akasita. "Lakini majuzi nilikuwa napekua Makapi. Kuna kitu nilikiona, nikawa sina uhakika ni cha nani."

Akamfungulia. Kilikuwa kitabu kidogo cha ufugaji nyuki, kile cha mwisho ulichokishughulikia, chenye mgongo mkaidi unaotaka kujifunga wenyewe. Picha ilikuwa ya ukurasa wake wa mwisho kabisa. Ukurasa huo ulikuwa mtupu, wa rangi ya chai kwenye kingo. Na pembeni, ukiushikilia usijifunge, kulikuwa na kidole gumba chenye ukucha uliopasuka katikati.

Ukucha ule ulipasuliwa na lango la bustani mwaka aliozaliwa mwanao Neil, na haukuota sawa tena. Kidole kile kilizunguka ukingo wa kila pai iliyopikwa nyumba hii, kikaacha alama zake. Kilitufuta jamu mashavuni tulipokuwa wadogo, kikatupapasa vipaji vya nyuso tulipokuwa na homa. Baba alinyoosha mkono akaugusa uso wa kompyuta, na Bwana Ibbotson akajifanya anatafuta miwani.

"Ndiye," Baba akasema.

"Kumbe na yeye alinaswa," Bwana Ibbotson akasema huku akitabasamu. "Miaka yote anakula keki zetu. Angeweza kuifuta, unajua. Kubonyeza mara moja tu, na hakuna ambaye angejua."

"Faini yake nitailipa mimi. Aliipiga lini hii?"

Bwana Ibbotson akainama kusoma tarehe. Akaisoma tena. "Alhamisi," akasema, "ile wiki yake ya mwisho." Tabasamu likamtoka. "Ijumaa alituletea keki ya tangawizi. Tukamuuliza, Avril, kuna nini leo? Akasema kuleni, msihoji chakula kilichokwisha kuiva. Tukadhani anatuaga."

Baba anasema hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka tu kwamba njia nzima alikuwa akikuzungumzisha kwa sauti, na mwanamke mmoja alivuka barabara kumkwepa. Alituambia, "Nilidhani aliwapa wao nguvu zake za mwisho. Kumbe alikuwa analipa faini yake mwenyewe, ambayo hakuna mtu aliyemdai." Halafu akacheka, Mama. Alicheka mpaka akalia, na hicho ndicho kilio cha kwanza kilichomfaa.

Tunakushukuru kwa hilo kuliko yote. Ulitufundisha mengi kwa maneno, lakini kosa ambalo hakuna aliyeliona uliliweka palipo na makosa ya wenzako, ukaliokea keki huku ukitetemeka, usituambie. Nyumba iliyokuwa na mtu kama wewe haiwezi kujiita maskini.

Wiki iliyopita Baba alipeleka keki maktaba kwa mara ya kwanza maishani mwake. Iliungua chini. Walikula yote, na hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Gazeti nalo lilipiga simu. Binti mpole, akasema samahani kwa usumbufu, familia imetuma picha ya karatasi tupu, na tena kuna kidole cha mtu kimeingia pembeni. Je, wakikate?

Baba akachukua simu. "Binti, karatasi kateni mkipenda," akasema. "Kidole kiacheni. Huyo ndiye mke wangu."

Unakumbukwa na mumeo Gordon, wanao Judith na Neil, mkweo Rosalind, mdogo wako Maureen ambaye makopo yote ya mafuta bado anayo, na wenzako wa chumba cha picha. Tutakukumbuka, Mama, maisha yetu yote.