Gunia la Kunde za Tanimu

Tudun Wada,
Zaria.
12 Novemba 2024

Mpendwa dada Rakiya,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje? Na mwanao Zulai, mimba haijamwelemea? Sisi ni wazima, isipokuwa mimi ninayeumwa na hasira.

Uliniomba gunia la kunde za nyumbani kwa bagia za siku ya kumpa mjukuu wako jina, ukasisitiza ziwe za asili, si hizi mbegu zilizobadilishwa na wataalamu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Nilianzia sokoni. Siku hizi simwamini mtu pale. Kunde zimemwagwa kwenye mabeseni, hazina mfuko wala maandishi, sasa utajuaje zipi ni zipi? Nikamwambia Malam Garba, muuza nafaka, aandike hata kwenye kipande cha boksi kwamba hizi ni mbegu gani. Akanicheka mbele ya watu.

"Mama Bagia, unataka kila punje niitolee cheti cha kuzaliwa?"

Basi nikatumia akili yangu: nikawa nachagua zenye matundu ya fukusi tu. Nilijua mdudu hatii mdomo pasipofaa. Kumbe Garba ananitazama. Wiki iliyofuata nikamfuma akitandaza kunde zilizotobolewa juu ya beseni la kunde safi! Nikaondoka bila kuaga.

Nikaenda shambani kwa mdogo wetu Tanimu, nikijua huko roho yangu itatulia. Nikakuta ghala limejaa hadi mlangoni. Nikashuku palepale, maana mwaka juzi viwavi hawakumwachia kitu. Nilipombana, akajikuna kichwa.

"Ni mbegu mpya, dada. Huu msimu wa pili."

"Mbona zina matundu?"

"Fukusi wa ghalani ni mwingine. Mbegu hii inamzuia kiwavi wa shambani tu. Huyu wa ghalani anajilia kama kawaida."

Kwa hiyo zile bagia za Idi nilizopika kwa kunde zake, ulizokula ukalamba vidole ukasema Lagos nzima hakuna kunde kama za kwetu, ndizo hizo. Nami nimewauzia wateja wangu nikiwaapia ni za asili.

Kama zina ubaya, sijui. Redio inasema hazina, na redio nayo siiamini. Kilichoniuma ni ndugu wa tumbo moja kunyamaza. Nikamwambia, "Si ungesema tu!"

"Ningesema, mngekula?"

Nikamwambia anifungie gunia moja, dada, na mpaka leo sina raha.

Gunia ninalokutumia kwa basi ni la Tanimu. Upike au umwage, sitakasirika. Ila ukipika, waambie wageni wako kabla hawajatia bagia mdomoni, kisha uhesabu watakaobaki.

Msalimie shemeji Habu na majirani. Mungu amjalie Zulai ajifungue salama, na mtoto aje na heri.

Mdogo wako akupendaye, na asiyekuficha kitu,
Talatu