Kikapu cha Mkuu wa Shule

Giteranyi, Jumapili

Tangu maharage yavunwe hujakanyaga hapa, Diane! Nakugombeza humu daftarini, kwa herufi zangu nilizofundishwa kanisani, maana mjukuu hagombezwi mbele ya watu.

Nilidhani unanificha aibu ya kukosa kazi. Wanawake wa kanisani walishasema digrii yako ya hesabu ni ya kufundisha tu, na walimu wamejaa. Basi Ijumaa nikapanda gari mpaka kwako Gitega na kikapu cha maharage, nikuombee kazi kwa mkuu wa shule yoyote.

We ukanipeleka ofisini kwako. Nikauliza, "Mkuu wa shule yuko wapi?" Wenzako wakacheka.

"Bibi, hapa ni bima ya mazao. Mi napiga hesabu za mvua ya mawe."

"Wee! Mawe ya Mungu unayahesabu wewe?"

"Sijui yatamwangukia nani, Bibi. Najua tu akiba gani iwekwe, ili atakayeangukiwa apate mbegu tena."

Nikakumbuka. Mwaka ule mawe yalipomaliza shamba langu, kila jirani aliniletea konzi ya mbegu. Kumbe kazi yako ni ile ile. Mungu wangu, asante!

Ila umekonda. Hilo linanisumbua.

Na kikapu changu kimebaki kwako. Ukija, kilete mwenyewe, usimpe dereva. Kisirudi kitupu: tia mbegu, umpe kila mwanamke wa kanisani konzi yake, ndipo uwaeleze kazi yako. Mi nimewaeleza leo, wamenicheka.