Ghorofa Ambayo Haji Sudi Hakuijenga

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie mama, najua yuko jikoni anasikiliza kwa sikio moja. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia, au umeiweka juu ya kabati ukisubiri uumwe zaidi? Shabani anapokusomea, mwambie kaka yangu huyo asiruke mistari. Ningepiga simu, lakini kwenye simu hunisikii, unaitikia "eeh, eeh" halafu unampa mama, na haya ya leo ni marefu.

Mimi ni mzima. Kazi ya kufundisha Kiswahili shuleni Ngagara inaendelea vizuri. Shida kubwa ni mafuta ya magari. Vituo vinakauka, mabasi yanapotea, kwa hiyo asubuhi natembea kwa miguu kutoka hapa Buyenzi hadi shuleni, na jioni narudi hivyo hivyo. Mama akiniona atasema sishibi. Nashiba, mwambie. Ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, nawala karibu kila siku, na lengalenga, mchicha wa huku, na sijaumwa tumbo tangu nilipokuandikia mwisho.

Sasa sikiliza. Nataka nikuambie habari za watu wawili niliokutana nao huku, maana tangu nizaliwe sijaona watu wa namna hii, na nisipokuambia wewe nitamwambia nani?

Wa kwanza ni mama mmoja Mrundi, jina lake Jenerose. Ni profesa wa historia. Nyumba yake imepakana na ukuta wa shule yetu, na siku mabomba ya shule yanapokauka yeye hutufungulia geti tuchote kwake. Ndivyo tulivyofahamiana. Akanikaribisha chai, mara moja, mara mbili, mpaka nikawa mtu wa nyumbani. Mumewe alifariki, watoto wako mbali, na sebule yake imejaa vitabu hadi kwenye viti. Ukitaka kukaa unahamisha historia kwanza.

Anachosoma yeye ni visiwa vya Karibi, Baba, vilivyo ng'ambo ya bahari kubwa ya magharibi, huko Waafrika walikopelekwa kwa nguvu kulima miwa ya Wazungu. Wengi wameandika juu ya meli, minyororo na viboko. Jenerose anatafuta kitu kingine. Katika kisiwa cha Martiniki, kilichokuwa koloni la Wafaransa, watu wale waliotumikishwa walikuwa na vishamba vyao vidogo pembeni ya miwa, na siku moja ya wiki waliyoachiwa walilima mihogo, viazi vitamu na pilipili, wakauza sokoni. Yeye anauliza: walipokuwa pale, kwenye kipande kile cha udongo, walikuwa akina nani?

Siku aliponieleza hayo nilimwambia juu yako. Nilimwambia jinsi ulivyokuwa ukikata mkonge wa kampuni kutoka alfajiri, halafu jua likipungua unakwenda kwenye kishamba chako nyuma ya kambi, na mama akikuita ule kwanza husikii. Aliweka kikombe chini. "Huyo baba alikuwa mutu gani akiwa pale?" akaniuliza. Nikamwambia pale ndipo ulipokuwa ukiimba, kwingine hukuimba. Ameomba, kama utakubali, Shabani akurekodi ukieleza ulilima nini na kwa nini. Si lazima, lakini mimi ningependa ukubali.

Basi, kazi yake ilikuwa imekwama. Amesoma kila alichoweza kusoma akiwa huku, na zilizobaki ni hati zenyewe, ambazo ziko kisiwani na mtu lazima aende akae nazo kwa miezi. Aliomba msaada kwenye taasisi moja ya Ulaya inayogharimia tafiti. Wakamwita kwenye mkutano wa mtandaoni, na akaniomba nikae pembeni na simu yangu, umeme ukikatika tuhamie kwenye intaneti yangu. Kifaransa changu sasa kinatosha kuelewa sifa na matusi, kwa hiyo nilifuata yote.

Walimsifu sana. Kisha bwana mmoja mwenye sauti ya upole akasema: Madamu, kazi ni nzuri, lakini kwa nini mtu wa Burundi aandike juu ya Karibi? Tuandikie juu ya vita vya kwenu, juu ya wakimbizi wenu. Kwa hilo fedha ipo hata leo.

Nilimtazama Jenerose. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena. Akamjibu polepole: "Bwana, kila mwaka wanakuja hapa watafiti kutoka kwenu kuandika juu yetu, na tunawapokea. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kwa nini hakubaki kuandika juu ya kijiji cha bibi yake. Vita vya kwetu nimeviishi. Si kila nilichokiishi nataka kukiuza."

Wakasema watafikiri. Baadaye wakaandika kwamba nafasi ipo, akibadilisha mada. Hakubadilisha. Baba, wewe unajua mtu kukataa kitu anachokihitaji kunavyouma. Mama yule alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na goti lake halizidi kuwa jipya. Alinionyesha ujumbe wao, akaufunga, akaniuliza kama nimekula.

Mtu wa pili ni mwenye nyumba wangu, Haji Sudi. Ana duka la vipuri hapa Buyenzi, wenyewe wanaviita piesi, na uani kwake kuna gereji ambayo nyundo zake ndizo zinaniamsha kila siku. Jioni ile niliporudi aliniona nikipita bila kusalimia.

"Mwalimu, leo we uko na sura ya mutu mwenye kufiwa. Iko nini?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, nikidhani atasema "pole" tu tuachane. Badala yake alivuta kiti cha gari, maana gerejini kwake viti vya wageni ni viti vya magari mabovu, akaniambia nikae nianze upya. Nilipomaliza akasema, "Kesho ulete ile mama."

Nilimleta. Haji alimuuliza maswali kama mtu anayenunua injini. Walilima nini? Siku gani? Mbegu walizipata wapi? Jenerose alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, akichanganya na Kifaransa na Kirundi, na pale alipokwama mimi nilisaidia. Kisha Haji akaokota boliti, akawa anaigeuzageuza mkononi.

"Babu yangu alitoka Maniema, kule Kongo, amebeba mizigo ya Wazungu mpaka hapa," alisema. "Alikuwa na kashamba huko Ntahangwa, karibu na mto. Mji ulipopanuka wakachukua. Mi nilikuwa mutoto, nakumbuka tu majani ya viazi. Hakuna mutu aliandika ile kitu. Hata mi mwenyewe sikuandika." Akamtazama mama. "Nenda. Mi nitalipa safari na maisha ya huko mpaka umalize."

Jenerose alimwambia hawezi kupokea, hawajuani. Haji akajibu kwamba watu wa Ulaya nao hawakumjua.

Alikuwa na sharti moja tu. Kabla ya kuondoka, na atakaporudi, awaeleze watu wa Buyenzi kazi yake kwa Kiswahili. Si kwa Kifaransa, na si kwa karatasi ya kusoma. Awaambie kwa mdomo.

Sasa shida ikaingia nyumbani kwake. Haji alikuwa ameweka akiba miaka mingi ajenge ghorofa juu ya duka, etaji kama wanavyosema huku, na wanawe walikuwa wameshagawana vyumba kichwani. Idi, mkubwa wao, alikuja juu. Nilikuwa uani nafua, kila neno nililisikia.

"Baba, tunangoja etaji tangu nioe! Ile mama si wa kwetu, si Muislamu, na ile watu anaenda kusoma walishakufa!"

"Na mi nikikaa juu ya etaji nitaona nini?" Haji akamuuliza. "Nitaona gereji ya jirani yetu Saidi. Nimeshaiona."

Idi alitoka akaubamiza mlango, na siku nyingi hakuzungumza na baba yake ila kwa mambo ya duka. Jenerose alipopata habari alikuja kurudisha ahadi, hataki kuvunja nyumba ya mtu. Haji alikataa hata kumsikiliza. "Apana, madamu. Ile ni maneno ya mi na mutoto wangu. We soma Kiswahili."

Basi tukasoma. Jioni nyingi, mezani kwa Jenerose, Ngagara, mwalimu mimi na mwanafunzi profesa. Namsahihisha, anacheka, anakosea tena. Nilitaka aseme vizuri kabisa, mpaka siku moja Haji alimsikia akianza na "waheshimiwa mabibi na mabwana", akanikemea: "Mwalimu, usituharibie mutu! Akisema kama redio ya Dar es Salaam hatutamusikia." Nikamwachia Kiswahili chake.

Siku yenyewe tulikaa gerejini baada ya alasiri. Mafundi, wenye maduka, akina mama na watoto, na imamu wa msikiti wa jirani alikuja pia. Jenerose alisimama bila karatasi, akaanza: "Mi ni mwana wa mukulima. Nataka kuwaambia juu ya wakulima wengine." Hapo nyundo ya mwisho ikanyamaza. Aliwaeleza juu ya miwa, na vile vishamba, na wanawake waliotembea usiku mzima na vikapu wafike sokoni Jumapili. Kuna mama mmoja aliyekuwa akifuta machozi kwa upindo wa kitenge, na si yeye peke yake.

Kisha Idi akasimama nyuma kabisa. Nikajua sasa anakuja kuvuruga.

"Mama, wakishalima, bwana wao akitaka kuchukua ile mihogo, anachukua?"

"Mara mingi alichukua," alijibu. "Mara ingine walimukatalia, wakaenda kumushitaki. Walishinda ao hawakushinda? Sijui. Ndiyo naenda kutafuta."

Angeweza kutunga jibu zuri, Baba, watu walikuwa mikononi mwake. Alisema sijui. Idi akakaa.

Viza ilichelewa mpaka nikakata tamaa, lakini ilitoka. Asubuhi ya safari hakukuwa na teksi yenye mafuta mji mzima. Nilikuwa getini kwa Jenerose na masanduku, nawaza jinsi ya kuyasukuma mpaka uwanja wa ndege, mara likaja gari la Idi. Alikuwa na mafuta aliyoyapangia foleni usiku kucha, na hakuna aliyemtuma. Alipakia masanduku bila maneno mengi. Uwanjani alimwambia tu, "Mama, ile swali yangu usiisahau."

Yuko kisiwani sasa, na kila mara hutuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Haji, kwa Kiswahili, kama alivyoahidi. Wiki iliyopita alimpata mwanamke mmoja aitwaye Ursule. Ng'ombe wa msimamizi walikanyaga mihogo yake, na yeye, mtumwa, alikwenda kwa hakimu kushitaki. Fundi aliyekuwa chini ya gari alitoa kichwa akauliza, "Ursule gani?" Haji akamjibu, "Ursule wa mihogo, nyamaza tusikie." Lakini hukumu ilikuwa kwenye kifurushi kingine ambacho Jenerose hakuwa amekifikia. Tangu hapo Haji ananiamsha dirishani kabla ya kufungua duka: "Mwalimu, Ursule ameshinda?"

Na hapa ndipo penye ombi langu, Baba. Nilikuahidi nitakuja likizo ndefu. Haji na Jenerose wananiomba nibaki niziandike jumbe zile zote ziwe kitabu kidogo cha watu wa hapa. Nimekubali, na ninajua mama atanuna. Mwambie sijapotea wala sijasahau nyumbani. Nimepata tu kazi ambayo naamka nikiitaka.

Mbusu mama kwa niaba yangu. Shangazi wa Mombo mwambie kitenge chake nimeshakinunua, kinangoja msafiri. Wifi yangu, mke wa Shabani, nampa hongera ya mtoto, na mtoto mwenyewe asikatwe nywele kabla sijapata picha. Mjomba fundi cherehani msalimie, na mzee muadhini, jirani yetu, mwambie naomba dua yake.

Mungu akupe nguvu ya mgongo na usingizi wa kutosha. Nakupenda kuliko ninavyoweza kusema kwenye simu.

Mwanao,
Mwanahawa

Baba, ni Jumatatu asubuhi, na bahasha nilikuwa sijaifunga. Ujumbe umeingia sasa hivi. Ursule hakushinda, hakimu alimkatalia. Lakini Jenerose amemkuta tena katika karatasi za mwaka uliofuata: yuko sokoni, anauza unga wa muhogo. Haji alisikiliza mara mbili, na Idi amesimama nyuma yake. Kisha mzee akasema, "Alipanda tena," akaenda kufungua duka.