Saba Iliyokuwa Moja

Mwanangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, mumeo na wajukuu zangu. Natumai mdomo wa yule mdogo wao umepona na nyuzi zimeshatolewa. Mwambie bibi yake anamuulizia kila kukicha. Sisi huku hatujambo. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi, na baba yako kikohozi kimemwacha, ila ubishi haujamwacha.

Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana. Kwenye simu ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza, wakati sistahili kubembelezwa. Kwa hiyo kaa uisome yote kabla hujanipigia.

Unakumbuka ulipomletea baba yako kile kifaa cha kuonyesha njia baharini, chenye kioo, naye akakirudisha kwenye boksi akisema betri ikiisha mtu atabaki anajitazama sura? Ulinuna, na ulikuwa na haki ya kununa. Ukasema mzee hataki mambo mapya. Ukweli ni kwamba hakuweza kukisoma. Macho yake yameharibika, mwanangu. Katikati ya kila anachokitazama kuna ukungu. Pembeni anaona, ndiyo maana anatembea, anafunga kamba zake na anamimina chai bila kumwaga. Daktari alisema ukungu huo hautaondoka. Baba yako aliniapisha nisimwambie mtu, hasa ninyi watoto.

Tangu hapo mimi ndiye niliyekwenda kununua ramani za bahari. Mlinicheka kwamba nimegeuka baharia uzeeni. Muuzaji, mama mmoja mpole ambaye kalamu haimtoki sikioni, alizitandaza mezani na kuniuliza tunakwenda wapi, tutatia nanga ghuba gani, na mashua yetu inahitaji maji ya kina gani. Alinifundisha kutazama pembeni, penye tarehe ya marekebisho, maana mchanga huhama na maboya huhamishwa. Akanieleza kwamba ramani moja ya pwani nzima inatosha kupangia safari, lakini anayeingia kwenye ghuba achukue ile ya ghuba yenyewe, ambayo kila mwamba umechorwa na tarakimu za kina hazijabanana. Hizo ndizo nilizochagua. Tukiwa majini nilimsomea baba yako kwa sauti, naye akaongoza. Tulikwenda hivyo vizuri tu. Nilijiona mjanja, na kusema kweli nilifurahi. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunihitaji kiasi hicho.

Siku mumeo alipokuja na watoto, ramani ya ghuba ile nilikuwa nimeinunua. Ilibaki imeviringishwa chini, kwenye chumba cha mashua. Baba yako hakutaka mkwe wake amwone akisomewa na mkewe. Alichukua ile ya pwani nzima, yenye tarakimu ndogo kama sisimizi, akaiweka magotini kama alivyozoea zamani. Mumeo alikuwa ameshika usukani. Akauliza kwa adabu apite upande gani wa boya. Baba yako aliinama, akageuza kichwa kidogo, akasema, "Pita kushoto. Pana mita saba."

Mashua ikapanda mwamba. Mtoto akaanguka kifudifudi. Kabla damu haijafutwa, baba yako alishaanza kumfokea mumeo kwamba alimwambia kulia, kwamba hasikii, kwamba si mtu wa kukabidhiwa hata baiskeli. Mumeo alimwinua mtoto, akanitazama mimi, akanyamaza. Angeweza kujibu. Hakujibu neno.

Uliponipigia jioni ile, ulisema mumeo amekwambia uniulize mimi. Nikakujibu kwamba nilikuwa chini nachemsha chai, sikusikia kitu.

Sikuwa chini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la baba yako. Na sikusikia tu, niliiona ile tarakimu. Haikuwa saba, ilikuwa moja. Nilikuwa na muda wa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikawaza kwamba nikimsahihisha mbele ya mkwe, siri itatoka na mume wangu ataaibika. Nikakohoa. Nilikohoa, mwanangu, na wajukuu zangu wamekaa kule mbele wakining'iniza miguu.

Sasa dada yako ananiambia mumeo analala sebuleni, na kwamba umemkataza kutoka na watoto bila wewe. Anabeba kosa letu kwa sababu alituheshimu kuliko tulivyojiheshimu wenyewe. Nami nimeacha hivyo wiki nzima, nikikuuliza habari za mdomo wa mtoto kama jirani tu aliyesikia mambo njiani.

Jana nilimwambia baba yako kwamba naandika. Alikasirika, akatoka, akarudi, akanitaka nimsomee. Nilipomaliza alinitaka nirudie pale mashua ilipopanda mwamba. Kisha akasema, "Hapo umeandika alinyamaza. Ongeza kwamba angeweza kujibu, na hakujibu." Nimeongeza, kama ulivyosoma. Anasema atakuja mwenyewe kumwomba radhi mbele ya watoto, kwa kuwa ni mbele yao alimfokea. Nami nitakuja naye, kama utanifungulia mlango.

Sikuombi unisamehe haraka. Nakuomba tu ukimaliza kusoma, uende kwa mumeo kwanza. Mimi nisubirishe.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Msalimie mumeo, na ikiwa hataki salamu zangu kwa sasa, usimlazimishe. Wote wa hapa wanakusalimu.

Ni mimi,
Mama yako

Baba yako ametia sahihi yake hapa chini. Amekataa nimshike mkono, kwa hiyo imepanda juu ya maneno yangu. Usidhani karatasi iliteleza.