Bao Nililofunga Siku Nisiyoikumbuka

Bi Winifred mpendwa,

Nakuomba unishike mkono maana naona naanguka, na jina langu usilitoe wala la timu yangu, na haya majina mengine nimeyabadilisha, kwa kuwa mji wetu ni mdogo na kila anayenunua gazeti lako anaijua sura yangu, mimi ni mshambuliaji wa kati, maisha yangu yote nimecheza daraja la tatu na la nne, nimehama timu mpaka mke wangu Leanne siku hizi hafungui maboksi yote tukiingia nyumba mpya, na sijawahi kuwa mtu wa chenga wala mbio, riziki yangu ni kichwa, mpira ukipigwa juu mimi ndiye ninayeufuata, na kwa hilo watu wananiimba.

Mwezi wa pili, mvua inanyesha na uwanja umekuwa tope tupu, ilipigwa kona, nikaruka na beki wao mmoja wa miraba minne, tukagongana vichwa, wenzangu wanasema nililala chini kidogo kisha nikainuka nikasema niko sawa, na kabla mpira haujaisha nikafunga bao la ushindi kwa kichwa hichohicho, nikakimbia nikawarukia mashabiki. Bi Winifred, mimi sikumbuki. Nakumbuka nilikula mayai na mkate asubuhi, halafu nakumbuka nimekaa kwenye gari, Leanne anaendesha, ananitazama kwa jicho la pembeni, anasema, "Mbona hilo swali umeshaniuliza?" Hapo katikati hakuna kitu, kama vile mtu kakata kipande cha kitambaa akaondoka nacho.

Bao lenyewe nililiangalia kwenye simu nimejifungia chooni, nikamwona mtu kavaa jezi yangu anashangilia, nikaogopa kama niliyeona mzimu. Nikienda kwa muuza nyama ananipiga bega, "Mwamba! Lile bao, ulijisikiaje pale hewani?" nami nasema, "Raha tupu, kaka," natoka nje jasho linanitiririka kwenye baridi ile.

Daktari wetu wa timu, Bethan, aliingia uwanjani akaniuliza matokeo ni ngapi, tuko kipindi gani, nikajibu sawasawa, ndiyo akaniacha niendelee, hivyo ndivyo nilivyoambiwa, lakini wiki iliyofuata nahodha wetu Ollerenshaw akanivaa mbele ya wote kwenye chumba cha kubadilishia nguo, "We mzee, ule mtihani nilikufanyia mimi! Bethan anauliza, mimi nakunong'oneza, moja moja, kipindi cha pili, na wewe unarudia kama kasuku!" Chumba kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Tangu hapo mwanga wa dirishani unanichoma, maneno yananikimbia, juzi nilitaka kusema birika nikabaki nalionyesha kwa kidole, Leanne akadhani natania. Lakini lililonifanya nikuandikie ni la Jumapili. Nilikuwa nampeleka binti yetu Maisie kuogelea, njia ninayoijua vizuri, tukaingia kwenye kipilefti, ghafla sikujua natoka wapi wala naenda wapi, nikawa nazunguka tu, magari yananipigia honi, mpaka mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Baba, hapa tumeshapita." Nikamwambia, "Tunacheza bembea ya kuzunguka, mama." Akacheka kidogo, na nilipomtazama kwenye kioo alikuwa ameukamata mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

Sasa Jumamosi tuna mechi ambayo tukifungwa tunashuka, tunatoka kwenye ligi kabisa, na Bosi, ndivyo tunavyomwita kocha, kaniita ofisini kwake akaniambia, "Nakutaka hewani, mwanangu. Nibakishe kwenye ligi, halafu tutaongea habari ya mkataba mpya." Wangu unaisha kiangazi hiki, nina miaka thelathini na mbili, kazi nyingine sijui. Tena kuna mzee Stan Hebblethwaite, aliyevaa namba tisa ya timu hii kabla sijazaliwa, huja kila mechi ya nyumbani, mkewe humfunga vifungo vya koti, na akiniona huniuliza, "Kocha kanipanga leo?" Zamani nilikuwa namjibu, "Umepangwa, mzee," tunacheka. Siku hizi nikimwona napita mlango mwingine.

Leanne hajui, Bethan hajui. Nicheze hii moja tu, halafu ndiyo niseme? Au nikae kimya, pengine litaondoka lenyewe? Naogopa kusema na naogopa kunyamaza.

Ni mimi, Namba Tisa Mwenye Hofu

BI WINIFRED ANAJIBU

Mwanangu, pole. Barua yako niliisoma nimekaa, nikairudia nimesimama. Sasa nisikilize. Wewe hukuniandikia kuomba ushauri, umeniandikia kuomba ruhusa ya "hii moja tu". Sikupi. Kila mlevi mjini hapa anayo moja tu yake.

Hutacheza Jumamosi. Hata mazoezini mpira usiuguse. Mimi si daktari, lakini hili halihitaji daktari: kichwa kinachosahau birika hakipelekwi kugongana na mabeki.

Na la gari limenikasirisha, sikufichi. Ulimpakia mtoto ukijua hali yako, kisha ukamwambia ni bembea. Maisie hakudanganyika. Ulimwona mwenyewe kwenye kioo. Usishike usukani mpaka daktari akuruhusu.

Kwa kuwa ulitia namba ya simu, sikungoja gazeti litoke, nilikupigia Jumatano. Ulipokea ukiwa kwenye maegesho ya uwanja wa mazoezi, ukaniuliza taratibu, "Nikisema, Bi Winifred, nitakuwa nani mimi?" Nikakujibu, na hapa narudia ili wengine nao wasome: utakuwa mtu ambaye hakucheza Jumamosi. Mengine yatajulikana baadaye.

Jioni ukanipigia wewe. Ulikuwa umemwambia Leanne jikoni, anamenya viazi. Hakupiga kelele. Aliweka kisu chini akasema, "Nilijua. Nilikuwa naogopa kukuuliza, maana ungejibu." Umeona? Nyumba moja, watu wawili mnaogopa kitu kimoja, kila mtu amejibanza na hofu yake.

Nahodha wako simhesabu kuwa mtu mbaya. Alidhani anakusitiri. Lakini mwambie aende mwenyewe kwa Bethan aeleze alichokifanya, asije akamnong'oneza mwingine. Na huyo Bosi, sikiliza vizuri alichokuambia: "tutaongea". Tutaongea si mkataba, mwanangu. Timu ikishuka itakuwa imeshuka kwa mechi za msimu mzima, usikubali ubebeshwe wewe peke yako. Chama cha wachezaji kipo kwa ajili ya siku kama hii, umekichangia miaka yote, kipigie leo, waulize wakupeleke kwa bingwa wa ubongo na wakutetee juu ya huo mkataba unaoisha kiangazi.

Sitakudanganya kwamba yote yatakaa sawa. Pengine kichwa kitatulia, pengine umeshacheza mechi yako ya mwisho bila kuikumbuka, na hilo ni chungu kuliko neno lolote la faraja nililonalo. Mimi sijui, wewe hujui. Na mzee Stan usimkimbie. Hajakufanya lolote.

Leo Ijumaa Leanne kaomba ruhusa kazini, na Bethan anafungua chumba chake saa tatu. Nendeni wote wawili, na Leanne asikungojee nje. Aingie, akae pembeni yako, kwa sababu wewe ukiulizwa unaumwa wapi utasema huumwi, na yeye atasema ukweli.